Pindo la Kukulia

4 Machi

Wimbo wako unapigwa redioni Jumapili asubuhi, Chiriku wangu, mtangazaji kasema kwa kinywa chake, nami nilishawatangazia watu kabla hajamaliza. Haya, sasa hujambo? Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri.

Nilikuwa napachika zipu niliposikia jina lako, zipu ikaenda upande. Msusi wa mlango wa pili kaniuliza uko na kampuni gani. Nikamwambia hana kampuni huyo, anatunga mwenyewe, gitaa anapiga mwenyewe, anarekodi chumbani na godoro kaliegemeza dirishani kuzuia kelele.

Jumapili wote watakuja hapa dukani. Nimeazima spika ya kinyozi. Wimbo sijausikia, lakini damu yangu naijua.

Mama yako

7 Machi

Mama, shikamoo. Mgongo pole. Barua yako nimeipata leo, na simu yako ndiyo ile iliyotumbukia ndooni, kwa hiyo naandika mbio. Tafadhali usikilize peke yako kwanza. Wimbo unahusu zile gauni alizokuwa akinitumia baba.

Mwanao

2 Aprili

Chiriku,

Hujambo. Barua yako ilifika Jumatano baada ya ile Jumapili, mambo yameshaharibika.

Spika ya kinyozi haina siri. Wamesikia wote kwamba baba yako aliondoka akanyamaza, kwamba gauni nilishona mimi, nikabandua lebo kwenye mitumba nikazipachika shingoni. Ni watu walewale niliokuwa nikiwaonyesha kila gauni, "Tazameni, mume wangu hasahau." Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Msusi ndiye aliyesema kwanza: "Kumbe baba wa mtoto ni cherehani."

Nikafunga duka. Mpaka leo.

Ulijua tangu lini?

Mama

8 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Tangu darasa la tatu. Gauni za dukani za wenzangu hazikuwa na pindo la kukulia. Za baba zote zilikuwa nalo, vidole vitatu, na kila niliporefuka ulilifungua kidogo. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa ukifurahi sana kunipa.

Nilidhani nakusifu. Sikukuuliza kama unataka kusifiwa hivyo. Kwenye uzinduzi wa albamu yangu, tarehe ishirini na sita, wimbo huo nauondoa, na bendi niliyokodi imekubali.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu, marahaba. Mgongo umetulia.

Nimefungua duka, maana wateja walikuwa wanapenyeza nguo chini ya mlango. Msusi naye kaleta sketi. Nimemwachia pindo jembamba, ajifunze adabu.

Juzi wimbo ukapigwa tena, nikausikiliza peke yangu. Ile ngoma ya mwanzo si ngoma, ni cherehani yangu. Ule mkwaruzo naujua, ni gurudumu linadai mafuta. Uliirekodi lini, mwizi wee?

Aibu ninayo bado. Nikipita kwa kinyozi natazama chini. Lakini ukiuondoa wimbo, utakuwa umenifungia duka mara ya pili. Uimbe. Ila kwenye mstari wa lebo, ongeza kwamba nilizipachika vizuri, maana mtaa mzima hakuna aliyegundua.

Nimekushonea gauni ya kuimbia. Pindo nimeliacha, ingawa umeshakoma kurefuka. Aibu yangu nitakuja nayo, tuketi nayo mbele. Msusi anakuja, kinyozi anakuja na kaulizia kama mnahitaji spika. Tutegemee sote Jumamosi, tarehe ishirini na sita.

Mama yako