Kiti Kimoja, Kampuni Tano

Annapolis, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi tele, na kabla ya lolote naulizia goti lako: bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisani? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na ndugu yangu Kaz hapo nyumbani ana masikio ya paka. Barua hii isome peke yako, tafadhali.

Kazi yetu ya utafiti tumeimaliza. Mwaka mzima tumepima jimbo letu la Maryland linafaidika vipi na biashara ya usalama wa mtandao: kampuni ngapi zipo, watu wangapi wameajiriwa, mpaka muuza kahawa wa nje ya geti naye tumemhesabu. Ile habari ya gazetini, kwamba nafasi elfu ishirini zinatafuta watu, ilitoka kwetu. Najua Bi Loretta jirani alishangilia, akasema mtaa wetu wa Dundalk umepata kitu cha kuziba pengo la kiwanda cha chuma kilichofungwa.

Basi wiki iliyopita Kaz akanipigia, kicheko kimemjaa. Akaniita profesa, kama kawaida yake akitaka kunichokoza, akasema kampuni tano zinamgombea kwa kuwa kibali chake cha jeshini cha kushika siri za serikali bado hakijaisha. Tano! Akasema sasa ni zamu yake kuringa, achague kama bibi harusi. Haki ya Mungu nilifurahi, Mama. Nikamwambia hebu nisomee kazi zenyewe. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, moyo ukanilipuka paa. Zote tano ni kazi ile ile, jengo lile lile la kambi ya jeshi, hata kosa la herufi ni lile lile.

Nikaenda kumuuliza Yolanda, anayeajiri watu katika kampuni mojawapo. Alinicheka. Kwani profesa mzima sikujua? Zabuni ya serikali ni moja. Kila anayeiwania hutangaza nafasi na kukusanya majina ya wenye vibali, ili zabuni yake ipendeze. Mshindi ni mmoja, na akishinda huwachukua wale wale waliokuwapo tangu zamani. Wanabadilishiwa beji tu, vikombe vyao vya kahawa havihami hata mezani. Nikauliza kama kiti hicho anachoitiwa ndugu yangu kina mtu. Akasema kina mtu miaka yote, yeye anamfahamu, wala hana mpango wa kuondoka.

Kiti kina mwenyewe, nasi tumekihesabu kuwa nafasi tano. Vya namna hiyo viko vingapi, sijui. Nikamkimbilia bosi wangu, Dakta Prewitt. Akanijibu kwamba sisi tunahesabu matangazo, hatuhesabu viti, na bunge la jimbo linaisubiri ripoti Jumatano. Akaniambia nikanywe maji.

Alhamisi nilimweleza Kaz yote. Alisema nina wivu, sijazoea kumwona yeye juu. Halafu akanisomea ile habari yetu ya gazetini, neno kwa neno, akaniuliza Bernadine yupi ndiye mwongo, wa kwenye karatasi au wa kwenye simu.

Na kuna moja sijamwambia. Jana Dakta alileta nakala ya mwisho, nikatia sahihi. Elfu ishirini ipo pale pale. Niliogopa kufukuzwa, Mama. Nimeona aibu.

Jumatano redio itaitangaza, na Kaz ataongeza sauti. Ijumaa anakwenda bandarini kuacha kazi na kurudisha kadi ya chama cha wafanyakazi. Akishairudisha, miaka yake yote kwenye kreni imekwenda na maji. Siku akirudi ataanzia mwisho wa foleni. Mzuie, Mama. Mkalishe, mpe chakula, kisha umwambie.

Msalimie Bi Loretta, na uliweke goti lako kwenye joto. Kaz usimpe salamu zangu, wala usiseme umeyasikia kwangu. Sema umeyasikia kanisani, kwa mtu yeyote. Akisikia jina langu tu, atakwenda kuirudisha ile kadi.

Mwanao,
Bernadine