Nilimwambia Amlete Mwenzake

Jumanne. Joto la leo limenuna, upepo hakuna, na mimi nimerudi kutoka kazini nikiona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Wiki iliyopita nilimpima kaka mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa Mabawa, damu ikaonyesha kaswende. Nikamchoma sindano ya kwanza kati ya tatu, nikampa kadi ya mwenza kama tunavyowapa wote. Kamlete mwenzako naye atibiwe, nikamwambia, la sivyo tunatwanga maji kwenye kinu. Sikuuliza zaidi. Nilidhani ana mke.

Leo karudi na kadi yake, na mwanamume.

"Sista, ndiye huyu uliyesema nimlete."

Loh! Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Nilitoka nikaenda dirisha la dawa kuwaita wenzangu. Wakaja watatu kuchungulia mlangoni, wanacheka, nami nacheka nao. Mimi, muuguzi niliyekula kiapo! Yule fundi akasimama, akamshika mwenzake mkono waondoke.

Ndipo akatokea Bi Raya, mkuu wetu wa zahanati. Mpemba, swala tano hazimpiti, na ukija na sketi fupi utaisikia khutba mpaka saa ya kutoka. Nikajua leo watafukuzwa.

Wakamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akawaambia kaeni wanangu, akafunga mlango usoni mwa wale wachunguliaji. Akauliza nani dawa inamdhuru, akavuta sindano, akawachoma mwenyewe. Yule mgeni alilia, na si kwa sindano.

Walipotoka nilimfuata Bi Raya, nikamuuliza na dini je?

"Yao wataulizwa wao. Mimi nitaulizwa: alikuja mgonjwa, ulimfanyaje?" Akanitazama. "Na wewe utaulizwa ulikuwa unacheka nini."

Nikarudi mezani kwangu.

Ninachokiwaza zaidi ni ule ujasiri. Mtu anajua kinachoweza kumpata mji huu ukimjua, na bado kamleta mwenziwe mkono kwa mkono, kwa sababu mimi nilisema mlete. Subhanallah. Kuna aliyewahi kuniamini hivyo?

Asubuhi nitaanza na wale watatu. Nitawaomba wafunge midomo yao, ingawa wa kwanza kufungua mdomo ni mimi.

Jumanne ijayo ni sindano nyingine, na zamu ni yangu. Nitawakaribisha mimi mwenyewe.

Wakija.