Unyevu Umezidi

Baba mdogo,

Nakuomba, barua hii usimsomee mtu, hata mama mdogo, maana nitafukuzwa kazi.

Nasikia bado unaitetea Bodi yetu ya kununua mahindi mikutanoni: "Mnunuzi abaki mmoja, walanguzi wasitunyonye!" Jamani! Huyo mmoja akikukataa, utamuuzia nani? Ghala letu limejaa tangu mwaka jana, ila meneja hataki ijulikane. Ameniagiza, "Karani, kila mzigo wa mkulima andika unyevu umezidi, urudishwe." Nikauliza, "Bila kupima?" Akacheka: "Kwani wana pengine pa kupeleka?"

Nikaandika. Hata mzigo wako, mara zote mbili. Mahindi yako ni makavu, baba, acha kuyaanika.

Ukitaka kunijibu, usipige simu ofisini. Mwachie ujumbe fundi viatu aliye mbele ya lango letu.

Mwanao, karani