Nilimshukuru Balozi kwa Hotuba Ambayo Hakuitoa

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana zimebaki siku kumi na mbili, na kila nikikaa kuandika barua ninayotakiwa kuiandika naishia kuchonga penseli, na hii ninayokuandikia wewe ndiyo ya kwanza kunitoka mkononi.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Shule yetu ilifanya mahafali, na mgeni rasmi alikuwa balozi mstaafu, mama aliyetumikia serikali miaka thelathini na minne, akianzia ukarani wa kupanga viti vya wageni, na mimi ndiye niliyechaguliwa kutoa neno la shukrani baada ya hotuba yake. Aliyenichagua ni mwalimu wangu wa lugha, ambaye tunamwita Mwalimu Nukta kwa sababu hawezi kupita mahali panapokosa nukta bila kuiweka (najua akiiona barua hii ataimaliza kalamu nzima), na ndiye aliyenifundisha kusimama mbele ya watu tangu enzi zile nilipokuwa naongea huku nikitazama viatu vyangu. Aliniandikia neno hilo wiki nzima kabla ya siku yenyewe, nikawa nalisoma nyumbani kila jioni hadi mama, ambaye ni fundi cherehani, akasema sasa hata yeye anaweza kulitoa huku akipinda pindo la suruali.

Sasa nikueleze siku yenyewe ilivyokuwa.

Alipanda jukwaani bila karatasi, mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea, akakishusha kipaza sauti mwenyewe bila kumsubiri fundi, akasema, "Nimeombwa niwaambie nilivyofanikiwa, lakini hayo yameshaandikwa kwenye ratiba yenu, kwa hiyo mimi nitawaambia siku niliyoshindwa." Akasimulia kuhusu daraja moja kati ya nchi mbili lililofungwa kwa ugomvi, na jinsi alivyotumwa kuwapatanisha wajumbe wa pande zote mbili, siku kumi ndani ya chumba kimoja na watu ambao hawakutaka hata kumiminiwa chai kutoka birika moja, hadi siku ya kumi na moja kila kitu kikawa kimekubaliwa, kalamu ziko mezani, ndege inasubiri. Hapo mjumbe mmoja mzee akanyoosha mkono ili aseme neno, na yeye balozi akatazama saa akamwambia, "Mzee wangu, utasema tukishasaini." Akatuonyesha kwa mkono wake mwenyewe jinsi mkono wa yule mzee ulivyoshuka, polepole, hadi ukatulia juu ya meza, na kalamu hakuigusa tena. Daraja lilibaki limefungwa miaka minne zaidi. Ni baadaye sana ndipo alipojua yule mzee alitaka kusema nini: alitaka kuwashukuru wale wa upande wa pili, kwa sababu mwaka wa mafuriko walimfungulia geti la daraja mkwewe aliyekuwa na uchungu wa uzazi, na mjukuu wake akazaliwa ng'ambo salama. Basi, hilo tu. "Kazi yangu ilikuwa kusikiliza," balozi akasema, "na siku ile nilisikiliza saa." Wale wa viti vya nyuma, ambao hucheka hata tukiimba wimbo wa shule, walikuwa wameinama mbele kusikiliza, na mpishi wetu alisimama mlangoni na mwiko mkononi kama amesahau alikuwa anakwenda wapi. Sikujua kwamba mtu mkubwa namna ile anaweza kutaja kosa lake mbele ya watoto, kwa sauti ya kawaida tu, na badala ya kupungua akaonekana ameongezeka.

Kisha wakaniita mimi. Mshauri, nilikuwa na karatasi mkononi, na nikaisoma, yote, neno kwa neno, kama ilivyoandikwa wiki moja kabla: "Tunakushukuru kwa kutufunulia siri za mafanikio yako, na kwa kutufundisha kwamba mtu mwenye bidii hashindwi kamwe." Nilisikia mtu anakohoa kuficha kicheko, nikaendelea kwa sababu sikujua namna ya kusimama, na nilipomaliza balozi akanishika mkono akaniuliza polepole, nje ya kipaza sauti, "Umesoma vizuri sana, binti. Wewe mwenyewe umesikia nini?" Nikaitazama karatasi yangu. Akasema, "Basi niandikie. Isiwe ndefu. Nasafiri mwisho wa mwezi," akaandika anwani yake nyuma ya ratiba yangu.

Tangu siku hiyo naitwa Kasuku. Nikiingia bwaloni huambiwa, "Kasuku, hebu tushukuru kwa chai tamu," na hapo chai yenyewe haijaletwa. Hilo nalivumilia. Kinachonitesa ni kwamba Mwalimu Nukta alipoiona anwani alifurahi mno akasema, "Barua kwa balozi si barua ya kumwandikia shangazi yako, niachie mimi," na ameshaiandika, inaanza "Tunayo furaha isiyo na kifani," na mwalimu mkuu ameongeza aya ya kuomba vitabu vya maktaba, na mimi natakiwa kuinakili kwa mwandiko wangu na kuweka jina langu chini. Nikiandika yangu, itaonekana kwamba lile neno la shukrani halikuwa langu, na mwalimu aliyenitoa mbali ataaibika. Mama anasema, "Mwanangu, usimvunjie heshima mwalimu wako, na mtu mkubwa akikuambia niandikie, huwa anakuaga tu."

Sijamwambia mtu, lakini nataka kufanya kazi kama ile ya balozi. Nimeshaanza kujizoeza kumsikiliza mama hadi amalize bila kumkatiza, na juzi aliniwekea mkono kwenye paji la uso akaniuliza kama naumwa. Nifanye nini?

Mimi, Kasuku

JIBU

Binti yangu,

Pole, na hongera, na kaa vizuri kwenye kiti kwa sababu nitakugombeza kidogo.

Unasema hukujua namna ya kusimama. Ulijua. Ulikuwa na njia nzima kutoka kiti chako hadi jukwaani, na karatasi hukunjwa. Ungesema, "Mheshimiwa, tumesikia habari za mzee aliyeshusha mkono, asante," ukarudi kukaa, na leo tusingekuwa tunaongea. Mwalimu aliandika alichoweza kuandika kabla ya kusikia chochote, na hapo hana kosa kubwa sana. Wewe ulikuwa umeshasikia.

Hilo tumelimaliza, sitalirudia. Una miaka michache, na ukumbi ulikuwa umejaa.

Unahofia balozi atagundua kwamba maneno hayakuwa yako. Mtoto wewe! Mtu aliyekaa miaka thelathini na minne kwenye meza za wageni anaijua shukrani iliyopikwa jana, aliitambua kabla hujafika mstari wa pili. Ndiyo maana akakuuliza. Na umwambie mama yako, kwa heshima zote, kwamba ni kweli wakubwa wengi huaga hivyo, lakini anayeaga tu hakuandikii anwani yake na kukutajia siku ya safari.

Sasa mwalimu wako. Kesho, kabla ya vipindi, nenda ofisi ya walimu na ile barua aliyoiandika, umrudishie kwa mikono miwili. Mwambie, "Mwalimu, hii ni barua nzuri ya shule, naomba iende kwa jina la shule, pamoja na ombi la vitabu. Ile aliyoniomba mimi nitaiandika mwenyewe, na ningependa wewe uwe wa kwanza kuisoma." Halafu nyamaza. Anaweza kukasirika. Anaweza kukukumbusha alikokutoa, na atakuwa na haki. Usijitetee, usitazame saa ya ukutani, mwache aseme hadi amalize kabisa, hata kengele ikigonga. Hapo ndipo utajua kama ile hotuba uliisikia au uliipenda tu. Akitaka kuweka nukta, mwache aweke nukta, unazihitaji sana. Akitaka kubadilisha ulichosikia, mwambie, "Hapana, mwalimu," kwa sauti ya kawaida, kama ile ya balozi.

Na wenzako wakikuita Kasuku, itika. Watachoka kabla yako.

Limebaki moja. Unasema kila ukikaa kuandika unaishia kuchonga penseli. Chukua mkasi, binti. Kwenye ukurasa huu huu wa gazeti, kata kuanzia "Alipanda jukwaani bila karatasi" hadi "akaonekana ameongezeka." Nimesoma barua nyingi kwenye kazi hii, na nilipofika kwenye mkono ule unaoshuka niliweka chai yangu chini. Hiyo ndiyo barua ya balozi, umeshaiandika, umekosea bahasha tu ukaniletea mimi.

Inakili kwa mwandiko wako. Weka salamu juu. Chini weka jina ulilopewa na mama yako, siyo hilo la bwaloni, na uifikishe posta kabla ya Ijumaa.