Kizuizi cha Ndoa ya Fabiola

Daudi, 2 Agosti 1981

Dada Fabiola,

Shikamoo. Sisi ni wazima, kifua cha mama kimepungua. Tangu nimalize darasa la saba nipo tu nyumbani hapa Daudi, na Jumamosi nafagia kanisa.

Leo katekista Tadeo ametangaza ndoa yako na Urban mara ya kwanza. Kumbe mtafungia kanisa la huko Nangwa. Mawe ya kanisa letu bibi aliyabeba mgongoni toka mtoni, mama alifunga ndoa humu, nawe unafuata bati jipya? Tena mama anasema msimamizi wako ni Efrazia, yule mnayepika naye shamba la ngano. Amekujua tangu lini? Aliyelala nawe ngozi moja ya ng'ombe tangu utoto ni mimi.

Mdogo wako,
Hilaria

Nangwa, 9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi mama anapata nafuu. Ni mavuno, na dereva wa trekta kama Urban hapewi ruhusa kubwa. Ndiyo sababu ni Nangwa. Efrazia ana kipaimara, wewe bado, na padri wa huku anataka msimamizi mwenye kipaimara. Usinune.

Dada yako,
Fabiola

Daudi, 16 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mama anakusalimu, ingawa leo hasemi nami.

Katekista alisoma tangazo la tatu: “Anayejua kizuizi aseme.” Nikasimama. Akaniuliza, “Hilaria, umebanwa na haja?” Watu wakacheka. Nikasema kizuizi kipo. “Basi kitaje.” Nikakaa. Sasa huku wanasema Urban ana mke kule Bashay. Mimi sikusema hivyo.

Mdogo wako,
Hilaria

Nangwa, 21 Agosti

Hilaria,

Natumaini mama hajambo. Mimi silali. Uvumi umefika huku, padri amesimamisha ndoa. Mama mkwe, Mama Ludovika, analia kuwa mwanawe ametukanwa. Urban anasema twende tukafunge bomani, kwa Mkuu wa Wilaya, ndani ya jengo lile la Wajerumani watu wanakopeleka kesi za ng'ombe. Mama yetu atakufa kwa aibu.

Jumapili simama palepale useme ukweli. Usiposema, ni boma.

Dada yako

Daudi, 30 Agosti

Dada Fabiola,

Shikamoo, na Mama Ludovika pia shikamoo yake. Mama amekula leo.

Nilisimama. Nikasema, “Urban hana mke. Kizuizi ni mimi, nina wivu na Efrazia.” Kuta zile nene zinarudisha sauti, nikasikia wivu wangu mara mbili. Walicheka hadi wazee wa mbele. Katekista hakucheka. “Wivu si kizuizi cha ndoa. Ungekuwa kizuizi, hapa Daudi asingeolewa mtu. Kaa, binti Margwe.” Ameshatuma habari kwa padri wenu.

Nitakuja na mama. Kanisa lenu nitaingia, Efrazia nitamsalimu. Ila kukusuka nywele nitakusuka mimi, yeye akae jikoni. Kusuka hakuhitaji kipaimara.

Mdogo wako,
Hilaria