Nyaya Mbili Zilizosokotwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimetoka kumwona mume wangu mahabusu. Amekonda shingo. Anarudia yaleyale: mteremko, taa zote za dashibodi zikawaka kwa mpigo, usukani ukawa mzito kama jiwe, injini ikaishiwa nguvu. Hakusinzia! Polisi wanasema alisinzia. Muuza magazeti aliyekuwa kando ya barabara amekufa, na mtu akifa lazima apatikane wa kubebeshwa. Dereva ndiye aliye karibu.

Mimi namwamini, na si kwa sababu ni mume wangu. Hii ndiyo kazi yangu, umeme wa magari. Gari la siku hizi ni mkutano mtupu. Kompyuta ya injini, ya breki, ya usukani — zote zinaongea kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Hakuna mwenyekiti. Mmoja akitangaza, wote wanasikia, anayehusika anachukua lake. Wawili wakianza kusema kwa pamoja, mwenye jambo zito anaendelea na mwenzake ananyamaza kwa adabu. Laiti ukoo wetu ungekuwa hivyo! Lakini nyaya hizo zikigusana tu, kimya. Usukani hausikii tena kama injini inawaka. Unaacha kumsaidia dereva.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sasa nani atanisikiliza mimi?

Jumatano, 6 Machi

Mlinzi wa yadi ya polisi amenikubalia nilione gari, niliwahi kumtengenezea pikipiki. Simu nikaacha getini, ndiyo sheria yao. Nikaingia na mita ya kupimia nyaya tu. Betri ilishatolewa. Nikapima kati ya zile nyaya mbili. Zikiwa na afya mita inasoma sitini. Ikasoma karibu na sifuri, yaani zimegusana! Nikashangilia peke yangu ndani ya gari lililoua mtu. Mungu anisamehe.

Nikazifuata hadi nyuma ya dashibodi. Kuna kifaa pale, tajiri mwenye gari alikifungisha kisome mafuta, madereva wasimwibie. Aliyekiunga amezisokotoa nyaya za kiwandani, akazinyoosha sambamba, akaunga kwa vidole bila kulehemu, akazungushia utepe. Utepe umelika. Shaba imegusana na shaba. Na juu ya utepe, uzi mweusi wa nta, umefungwa fundo la mshona viatu.

Baba yetu alikuwa mshona viatu. Fundi umeme anayemalizia kwa uzi namjua mmoja tu. Kaka yangu.

Wateja wanamwita Mstari, kwa sababu hawezi kuvumilia waya uliojikunja. Msokoto ni uvivu wa kiwandani, anasema. Nimemwambia mara ngapi — zimesokotwa makusudi, kelele ikizipiga izipige zote sawa, ujumbe usipotee! Jibu lake siku zote: unanifundisha kazi niliyokufundisha?

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni methali ya watu wengine.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia. Gereji, wenzetu wakiwa wametoka kula. Akawa anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Kisha: "Mdogo wangu, nitakwenda kusema mwenyewe." Nikalia. Yeye pia.

Jioni akapiga mama. Anaishi kwa kaka tangu alipoanguka, hatoki kitandani. Kumbe ameshaambiwa. Mume hupatikana, akasema, ndugu wa tumbo moja utampata wapi? Nikamuuliza: na mkweo je, hakuzaliwa? Akakata simu.

Jumapili, 10 Machi

Kaka alikwenda yadi jana. Si kusema! Alikwenda kama fundi wa tajiri, pamoja na mkaguzi. Wakarudisha betri, lakini mashine ya mkaguzi ikakataa kuzisoma kompyuta. Ingesomaje? Kaka akamwambia, mzee, nipe dakika. Akakikata kile kiungo chake, akaunga upya, akalehemu, akasokota. Akasokota vizuri, mara ya kwanza maishani mwake!

Mashine ikasoma kila kitu. Ripoti: vifaa vyote vizima, nyaya ziliharibiwa na ajali. Kumbukumbu za kompyuta kulalamika kwamba hazisikiani? Za ajali hizo, kasema mkaguzi.

"Kile kiungo kiko wapi?" nikamuuliza kaka.

"Nimetupa."

"Uliniahidi."

"Nina mama ndani, nina watoto. Nikifungwa mimi, nani atamgeuza mama kitandani? Wewe?"

Hilo ndilo linaloniua, kwamba anasema kweli. Nampenda kaka yangu na leo nilitamani nisingekuwa naye.

Nikienda kwa mkaguzi nitasema nini? Niliona uzi? Ataniuliza: uzi uko wapi? Wewe ni nani wa mshtakiwa?

Jumatatu, 11 Machi

Kaka amenileta mahabusu kwa gari lake. Kaingia na mimi. Sikumkataza.

Mume wangu ameshasomewa ripoti. Akaanza kwa kumshukuru — "Shemeji, asante kwa kuhangaika kote huko." Kaka akatazama sakafu. Mimi nilikuwa natazama vidole vya mume wangu kwenye wavu.

Kisha akaniambia, polepole: "Mke wangu, labda kweli nilisinzia. Kama gari lilikuwa zima, basi ni mimi. Mtu akisinzia hajijui."

Wiki zote hizi hakuyumba. Leo anajishuku! Wakili kamwambia akikiri atapunguziwa. Anataka kukiri. Anataka hata kumwandikia mama wa yule muuza magazeti amwombe radhi.

"Wewe ndiye fundi," akasema. "Unaonaje, nikiri?"

Kaka akaninyanyulia macho. Wote wawili wananingoja mimi.

Nikasema nitafikiri. Nitafikiri! Mke gani huyo? Askari akagonga meza, muda umekwisha, na mume wangu akaondolewa huku anatikisa kichwa kunikubalia, kana kwamba nimemjibu.

Anasimama mbele ya hakimu kesho asubuhi. Naandika haya magotini, bado tuko nje ya lango. Kaka yuko kwenye usukani, hajawasha gari. Ananiuliza kama nimefunga mkanda.