Siku ya Thelathini na Nne

Las Tapias, 9 Machi

Mwanangu Yaneth,

Hujambo? Kazi huko mji mkuu inaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baba yako yuko hospitali. Jumatatu tarehe nne alivuka barabara hapa mlangoni akanunue mkate, gari likamzoa. Dereva eti hakuvunja sheria, kwa kuwa kibao kinaruhusu kilomita sitini kwa saa. Sitini, mahali jirani yetu Doña Ismenia anapoanika nguo zake! Polisi pekee anayefanya kazi mtaa huu ni yule aliyelala, lile tuta la saruji pale kona, na huyo naye malori yameshamsaga.

Si wewe mhandisi wa barabara? Wateremshie madereva hawa mpaka thelathini.

Mama yako,
Rosalba

*

22 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na Baba anapata nafuu. Nimeuliza ofisini. Mtaa hupunguziwa mwendo ikiwa mtembea kwa miguu amekufa hapo ndani ya miaka mitatu. Las Tapias hakuna hata mmoja. Tumshukuru Mungu Baba yu hai, lakini ndiyo hivyo, sharti halijatimia. Mwambie nakuja Pasaka.

Binti yako,
Yaneth

*

17 Aprili

Mwanangu,

Ulifika salama? Uliondoka mara tu baada ya maziko. Siku tisa za sala zimekwisha jana. Sikufichi, nina hasira.

Haya, sharti lenu limetimia. Baba yako amelitimiza Jumapili tarehe saba. Cheti cha kifo nimekitia humu. Majirani wote wametia sahihi kwenye ombi letu, Doña Ismenia katia mara mbili, huyo mwache. Tunataka thelathini.

Mama yako

*

30 Mei

Kwa Bi. Rosalba Quintero,

Ombi lako limekataliwa. Kifo huhesabiwa kuwa cha barabarani endapo majeruhi atafariki ndani ya siku thelathini tangu ajali. Marehemu Eliécer Bonilla alifariki siku ya thelathini na nne. Mwendo utabaki kilomita sitini.

Mhandisi Y. Bonilla Quintero

Mama, shikamoo. Hii ni fomu tu, naletewa nitie sahihi. Usinikasirikie.

*

6 Juni

Mheshimiwa Mhandisi,

Leo salamu sina. Kumbe mume wangu alichelewa kufa! Mtuwie radhi, alikuwa mtu wa kujikokota, hata kanisani siku ya harusi alinisimamisha saa nzima. Angejua, angejitahidi afe mapema asiwaharibie hesabu.

Na wewe ukasoma jina la baba yako, ukatia sahihi. Una moyo wa namna gani? Jana pikipiki imepita na kikapu cha Doña Ismenia, yeye kaponea chupuchupu. Huyo naye mmempangia siku ngapi?

Rosalba Quintero,
mkazi wa nyumba namba 14

*

19 Agosti

Shikamoo Mama,

Barua zangu tatu hukuzijibu, najua kwa nini. Nilimbembeleza mkuu wangu abadilishe kanuni, akacheka: "Mhandisi, kila mtu ana baba bwana!"

Basi nimefanya nilichoweza. Kwenye orodha ya vifo vya barabarani nimeandika Baba alifariki tarehe tatu Aprili, siku ya thelathini kamili. Hakuna aliyeuliza. Jumatatu wanakuja kuweka vibao vya thelathini. Usimwambie mtu, Mama. Nisamehe.

Mwanao,
Yaneth

*

2 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Vibao vimewekwa na magari yanapunguza kweli. Doña Ismenia anavuka kwa maringo utadhani barabara kairithi. Mtaa mzima ulishangilia. Mimi nikaingia ndani nikalia kwa hasira.

Tarehe tatu baba yako alikuwa hajafumbua macho. Aliyafumbua tarehe nne. Tarehe tano alikunywa mchuzi vijiko sita, akanigombeza kwamba hauna chumvi. Jumamosi alinishika mkono akauliza, "Yaneth kashafika?" Nikamwambia uko njiani. Hizo ndizo siku ulizozifuta, Yaneth. Kanuni imewashinda kuibadilisha, mkambadilisha mume wangu.

Nenda ofisini ukaandike tarehe saba, mbele ya huyo mkuu wako, acheke tena. Wakija kung'oa kibao cha hapa mlangoni, watanikuta nimekaa chini yake na majirani zangu wote. Nimekuwekea kiti.

Mama yako